Chupa ya Mhudumu Kauza Nani?

Ndugu zangu wenye baa, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 mmekihifadhi kuliko nambari zenu za simu. Mhudumu akilewa kazini hata kazi ikamshinda, unaweza kumwachisha papo hapo. Sikuja kukisoma. Nimekuja kuuliza: pombe hiyo kaipata wapi?

Nilisimama kaunta miaka sita, Mtwapa. Mteja akichangamka, anagonga meza: "Na huyu dada mpe moja, bili yangu!" Ukimwambia wewe ni wa maji, ananuna. Ukiomba soda, umemdharau. Na bosi, kakaa pale karibu na friji, anakukazia jicho: kunywa, hayo ni mauzo. Ikifika saa nne usiku nimeshamaliza chupa tano za bosi, na mimi ndiye ninayehesabu pesa! Siku moja nikatoa chenji ya noti ya elfu mara mbili. Asubuhi nikakatwa mshahara, nikaitwa mlevi mbele ya wenzangu. Zile chupa tano? Zilibaki kwenye hesabu ya mauzo, hakuna aliyezitaja.

Nawasikia mnanong'ona: "Ni mtu mzima, angekataa." Angekataaje, mama? Kibarua chake kiko kwako, bakshishi iko kwa mteja. Mteja akimnunulia, andikeni, chupa ibaki kwenye friji, zamu ikiisha mgawane hizo pesa. Mteja akiuliza, mwambieni hivyo hivyo. Atakayekasirika kwa sababu dada kakosa kulewa, huyo alikuwa anatafuta kitu kingine, na hamkukatiwa leseni ya kukiuza.

Mengine nayakimbiza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtwika mwenye mahali pa kazi usalama wa kila anayefanya kazi humo. Haikusema "isipokuwa baa". Baunsa anayetoa loki, yaani anayezimua uchovu wa pombe ya jana, kwa chupa yako kisha akabeba kreti kwenye ngazi za stoo, huyo ni wako. Na kabla ya kumfukuza mtu kuna kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira: umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, mwenzake aliyemchagua akiwepo. Mweleze kesho yake, jamani, si usiku ule bado anayumba!

Usafiri wa usiku… mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, nyoosheni mikono tu: nani anamlipia mhudumu boda akifunga?

Mmoja. Na huyo ndiye mwenye ukumbi, najua kwa kuwa jana alinilipia mimi.