Usinunue moduli kabla hujafungua tumbo la chipu: ADC na UART za BeagleBone Black

Mambo vipi wadau, karibuni tena mezani kwangu hapa Sinza. Feni nimeizima ili sauti itoke vizuri, kwa hiyo mkiniona natiririka jasho mvumilie.

Kuna swali naulizwa kila mara: "Kaka, nipo Kariakoo, ninunue moduli gani ya kusomea volti niunge kwenye BeagleBone Black?" Usinunue yoyote, unayo tayari. BeagleBone Black ni kompyuta ndogo ya bodi moja, na kisoma volti kimo ndani ya chipu yake hii kubwa ya mraba, AM3358 ya Texas Instruments. Wengi wanaichukulia kama ubongo tu, kumbe humo ndani ni mtaa mzima: njia za mawasiliano za UART 6, I2C 3, SPI 2 na CAN 2, pamoja na ADC ya biti 12. Mwongozo wake una kurasa zaidi ya 4,000. Sijausoma wote wala sina mpango huo. Leo tunagusa mbili: ADC, inayogeuza volti kuwa namba, na UART, inayotuma na kupokea data kwa waya.

Hatua ya kwanza, bodi ikiwa bado imezimwa. Igeuze hivi, tundu la Ethernet liwe juu. Safu ya kushoto ni P9, ya kulia ni P8, kila moja ina pini 46. Pini 1 na 2 ziko juu kabisa. Namba witiri zinashuka kushoto, shufwa kulia. Mimi nahesabu kwa kijiti cha meno, sioni aibu.

Chukua voliumu ya redio mbovu, ya kilo-omu 10. Fundi redio wa mtaani kwako hakosi moja kwenye kopo lake. Ina miguu mitatu: wa pembeni mmoja uende P9_32 (yaani safu ya P9, pini ya 32), wa pembeni mwingine P9_34, wa katikati P9_40.

Hapo simama kwanza. P9_32 inatoa volti 1.8, na hiyo 1.8 ndiyo mwisho wa ADC hii. Si 3.3, si 5. Pini za kawaida za bodi hii ni za 3.3, ndiyo maana watu wanateleza. Bodi yangu ya kwanza niliiua hivyohivyo: nilikuwa napima maji kwenye simtanki, nikachukua waya wa sensa ya volti 5 nikauchomeka P9_40 bila kupima. Hakukuwa na moshi wala kishindo. Niligusa chipu ikaniunguza kidole, taa zikazima, basi. Sensa yako ikitoa volti 5, igawe kwa rezista mbili, kilo-omu 20 juu na 10 chini, utapata karibu 1.67. Halafu weka mita uhakikishe, ndipo uchomeke.

Hatua ya pili, unga USB kwenye kompyuta, subiri iwake, kisha ingia ndani ya bodi kutoka kwenye kompyuta yako kwa programu ya ssh, anwani 192.168.7.2, jina la mtumiaji debian. Andika hivi:

cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/in_voltage1_raw

Ni voltage1 kwa sababu P9_40 ndiyo AIN1, yaani mlango namba 1 wa ADC. Mimi imenipa 2051. Biti 12 zinakwenda 0 hadi 4095, kwa hiyo voliumu iko katikati, kama volti 0.9. Nazungusha kidogo... 2740. Nasoma tena bila kugusa: 2738, 2743. Namba za mwisho kuchezacheza ni kawaida, msinipigie simu usiku.

Hatua ya tatu, UART, na hapa ndipo watu wanapokesha. Pini za ADC zina kazi moja tu. Hizi nyingine ni kama fremu ya duka: asubuhi mama anauza supu na chapati, jioni kijana anaingiza meza yake ya chipsi. Vyombo vya ndani ya chipu ni vingi kuliko miguu yake, kwa hiyo vinapokezana. P9_24 inaweza kutuma data ya UART1, kupokea ya CAN, kubeba mapigo ya saa ya I2C1, au kuwa pini ya kuwasha na kuzima taa. Lazima useme sasa hivi ni zamu ya nani:

config-pin P9_24 uart
config-pin P9_26 uart

Ukisahau mistari hii, programu yako haitalalamika. Itafungua mlango wa UART na kutuma kama kawaida, lakini kwenye waya hakitoki kitu.

Sasa unganisha P9_24 na P9_26 kwa kiwaya kimoja, halafu:

screen /dev/ttyS1 115200

Kwenye mifumo ya zamani ni ttyO1. Naandika "mwenge"... inaonekana. Ila hii programu ya screen haionyeshi unachobonyeza, inaonyesha kilichopokelewa. Kila herufi hapo imetoka 24, imepita kwenye kiwaya, imeingia 26. Nachomoa kiwaya, naandika "posta". Kimya. Nakirudisha, naandika tena. Posta hiyo, gari limefika.

Ukiona hivyo, toa kiwaya uunge GPS yako: TX yake (ya kutuma) iende P9_26, RX yake (ya kupokea) P9_24, GND (waya wa ardhi) kwenye P9_1. Na iwe ya volti 3.3, tafadhali.