Asilimia 99 za Nagase: usiku Fujii Sota alipobeba mataji yote manane

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo siongelei viza wala kodi ya nyumba. Mnanidai video ya shogi, ule mchezo wa ubao wa Kijapani unaofanana na sataranji, na mimi deni huwa silali nalo. Nipo Nagoya, mkoa wa Aichi, na huku ukitaja shogi umemtaja mtoto wao Fujii Sota, kazaliwa Seto, mji wa wafinyanzi ambao ukipanda treni hapa hata usingizi haujakukolea umeshafika. Basi mjue habari za shogi nazisikia kwa masikio ya watu wa kwake. Ila leo nataka nimwongelee zaidi aliyeshindwa, kwa sababu naona watu wanamwonea.

Tunaongelea tarehe 11 Oktoba 2023, jijini Kyoto, hoteli ya Westin Miyako. Mchezo wa nne wa taji la Oza. Bingwa mtetezi ni Nagase Takuya, miaka 31. Mpinzani ni Fujii, miaka 21, tayari ana mataji saba kati ya manane ya shogi ya kulipwa. Fujii anaongoza michezo miwili kwa mmoja, na anayetangulia kushinda mitatu anaondoka na taji. Usiku unaingia, na pembeni mwa kioo kompyuta inaonyesha nafasi ya kila mmoja kushinda. Nagase 99, Fujii 1. Dakika chache baadaye zimepinduka. Kipande hicho kimezunguka sana mtandaoni, Nagase akijivuruga nywele kama mtu aliyefungia funguo ndani, na wengi wanaokitazama wanasema jamaa aliogopa, basi. Mimi nasema hapana, ngoja niwaeleze.

Kwanza mchezo wenyewe, haraka haraka. Ubao una miraba 81, tisa kwa tisa. Kila mmoja ana kete 20: mfalme, majenerali wa dhahabu na wa fedha, farasi, mikuki, askari tisa, na wakubwa wawili. Hisha anakwenda mbio mbele, nyuma na kando. Kaku anakwenda mshazari. Kete ni vibao vya mbao vyenye ncha, vyote rangi moja. Hakuna nyeusi na nyeupe. Ncha inakoelekea ndiyo inakwambia kete ni ya nani. Ukiingia safu tatu za mwisho za adui unaweza kuigeuza kete, na ikigeuka inapata nguvu mpya.

Mbona rangi moja? Wazee wa bao mtanielewa kabla sijamaliza. Kwenye bao ukila kete za mwenzio huzitupi nje, unazisambaza kwenye mashimo yako na zinakupigania wewe. Shogi ni hivyo hivyo. Kete uliyomla adui unaiweka kwenye kimeza kidogo pembeni, na zamu yako ikifika unaweza kuidondosha karibu popote palipo wazi. Ina masharti yake, kwa mfano huruhusiwi kuwa na askari wako wawili ambao hawajageuzwa kwenye safu wima moja, lakini kwa jumla jeshi la adui linageuka jeshi lako.

Hapo ndipo shogi inapoachana na sataranji. Sataranji kadiri mnavyokulana ubao unazidi kuwa mweupe, na mara nyingi mwishoni wanabaki wafalme na vijiaskari, watu wanapeana mikono kwa sare. Shogi haipoi. Kete hazipungui, zinahama tu. Mchezo ukikaribia mwisho kila mtu ana silaha mkononi na wafalme wote wawili wamekalia kuti kavu, kwa hiyo swali si nani ana mali nyingi. Swali ni nani anamfikia mfalme wa mwenzake kwanza, na tofauti inaweza kuwa hatua moja. Mtu anayeongoza kwenye shogi hana pa kupumzika. Hilo mlishike.

Sasa, kilichokuwa mezani. Habu Yoshiharu, mchezaji nguli, alibeba mataji yote mwezi Februari 1996, wakati huo yakiwa saba. Mwaka 2017 Eio ikapandishwa kuwa taji la nane, na mpaka usiku ule hakuna aliyekuwa amewahi kuyashika yote manane. Fujii aliingia kwenye shogi ya kulipwa mwaka 2016 akiwa na miaka 14 na miezi miwili, mdogo kuliko wote waliomtangulia, akashinda michezo yake 29 ya kwanza mfululizo. Juni 2023 akachukua taji la Meijin, tena kwenye nyumba ya wageni huko Nagano inayoitwa Fujiiso (eti, unashindania taji kwenye nyumba yenye jina lako!), akafikisha saba. Likabaki Oza.

Na Nagase naye alikuwa na lake. Ameshika Oza miaka minne mfululizo. Akitetea na wa tano, anapewa heshima ya Oza ya kudumu, kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya tena. Halafu hawa wawili si watu baki. Tangu 2017 ni washirika wa mazoezi, wanakaa chumba kimoja wanachezeana siku nzima. Nagase mashabiki wanamwita Sajenti kwa jinsi anavyojituma. Kakulia kwenye familia yenye duka la tambi za rameni kule Kawasaki, na katikati ya mechi anakula ndizi mbivu. Ndizi! Wabukoba, mna ndugu yenu huku.

Njia ya Fujii kufika fainali ilikuwa nusura ifungwe mapema. Kwenye mchujo, Juni 2023, Murata Akihiro, mchezaji ambaye wengi hawakumpa nafasi, alimbana mpaka ushindi ukawa unanukia. Muda wa Fujii umekwisha, akatoa jenerali wa fedha aliwe bure, mahali ambapo mtu wa kawaida hata jicho halipeleki. Murata akayumba, Fujii akapita. Baada ya hapo akamtoa Habu mwenyewe, kisha Toyoshima Masayuki, ndipo akamfikia Nagase. Ile fedha muiweke akilini.

Mchezo wa kwanza, tarehe 31 Agosti kwenye nyumba ya wageni ya Jinya kule Hadano, Nagase alishinda kwa hatua 150. Wa pili, Kobe, Fujii alisawazisha baada ya hatua 214, na hizo ni nyingi, michezo mingi inaishia karibu na mia moja na kitu. Wa tatu ulichezwa hapa kwetu Nagoya, tarehe 27 Septemba, na huo ndio unanikera mpaka leo, ingawa huku mtaani nikisema hivyo wananitazama vibaya. Nagase alikuwa mbele. Fujii, kwa kukosa pa kushika, akadondosha hisha nyuma ya ngome ya Nagase, mfalme akapigwa shahi, yaani akawa hatarini kuliwa. Jibu sahihi lilikuwa dogo mno: dondosha askari mmoja chini kabisa, ziba njia, endelea na ushindi wako. Nagase akaziba kwa hisha, kete kubwa kuliko zote. Ilionekana jibu la nguvu. Kumbe ndiyo njia iliyomfungulia Fujii mlango, na mchezo ukaisha kwa hatua 81 tu.

Basi tunarudi Kyoto. Michezo ya Oza inamalizika siku moja. Kila mchezaji anapewa saa 5 za kufikiri, na zikiisha kila hatua unatakiwa uicheze ndani ya dakika moja, mtu yupo pembeni anakusomea sekunde kwa sauti. Meijin wanapewa saa 9 kila mmoja kwa siku mbili, unalala unaamka unafikiri tena. Oza haina huruma hiyo. Wameanza saa tatu asubuhi, sasa ni usiku, wote wawili wameshamaliza saa zao, na Nagase ndiye anayeongoza. Amecheza vizuri siku nzima. Hilo husikii likitajwa.

Hatua ya 122, Fujii anaweka jenerali wa fedha katikati ya ubao. Kompyuta haikuipenda. Kompyuta inasema: Nagase, dondosha dhahabu karibu na mfalme wake, fuata mlolongo huu mrefu wa shahi baada ya shahi, na mchezo umekwisha. Ndiyo hizo asilimia 99.

Lakini jamani, hebu zitazameni zilivyo. Akili mnemba inakwambia mtu huyu atashinda iwapo atacheza hatua ileile ninayoiona mimi, halafu na inayofuata, halafu na nyingine, bila kukosea. Haisemi kila njia ni ya ushindi. Haisemi ni rahisi kuiona. Mashine haina sauti inayoihesabia sekunde sikioni, haijakaa kwenye tatami, ile mikeka ya Kijapani, na kimono tangu asubuhi, wala hailifikirii taji la kudumu linaloondoka. Sisi watazamaji tunaipokea ile 99 kama vile mchezo umeshakwisha, wakati mtu aliyekaa pale hajui hata kama kuna namba. Yeye anaona njia mbili au tatu zinazofanana, na ana sekunde sitini.

Nagase akachukua kaku wake aliyegeuzwa, kete yenye nguvu kubwa, akampeleka karibu na mfalme wa Fujii. Ukiitazama kwa macho ya binadamu ni hatua nzuri kabisa: inatisha, iko karibu, inakaza kamba. Fujii akamwondoa mfalme wake kwenye mstari wa hatari. Basi. Kamba iliyokuwa shingoni mwa Fujii ikahamia kwa Nagase, na namba zikapinduka. Nagase alijua saa ileile. Hakuhitaji kioo cha kumwambia, ndiyo maana mnamwona akijipiga kichwa, akijivuta nywele, akitazama juu. Mchezo ulikwenda mpaka hatua ya 138, karibu saa tatu usiku, akainamisha kichwa na kusema ameshindwa. Katika shogi hakuna anayesubiri mfalme akamatwe, unatamka mwenyewe.

Kwa hiyo watu wanaposema mabadiliko yalikuja hatua ya 123, mimi nasema turudi nyuma moja, 122. Mkumbuke na ile fedha ya Murata. Fujii akiwa nyuma hatafuti hatua ambayo kompyuta itaisifu. Akiwa nyuma, hatua zote kwa kompyuta ni mbaya, zinatofautiana ubaya tu. Kilichobaki ni kumpa mwenzako swali gumu kuliko muda alionao. Kwangu mimi hiyo ni mbinu, na ameirudia mara nyingi mno kuiita bahati. Wapo wanaosema Nagase alijifunga mwenyewe michezo miwili, na kwa hesabu ya mashine ni kweli, angeweza kuimaliza mechi tatu kwa moja. Lakini makosa yale hayakuja asubuhi wakati ana saa tano mfukoni. Yalikuja mtu alipobanwa pale ambapo dakika haitoshi, tena na mtu anayemjua anavyofikiri kwa sababu wanafanya mazoezi pamoja.

Baadaye kidogo, taji limeshaondoka, wakakaa tena kwenye ubao uleule kuupitia mchezo pamoja: hapa ungefanya hivi, pale mimi niliona vile. Ni desturi, wachezaji wote hufanya. Sijui ningekuwa mimi ningeweza, nadhani ningeshakuwa kwenye treni.

Mataji manane hayakudumu mwaka. Tarehe 20 Juni 2024, Ito Takumi, mwenye umri sawa na Fujii, alichukua Eio kwa michezo mitatu kwa miwili, siku 253 baada ya Kyoto. Na Nagase? Alipita tena kwenye mchujo wote, akarudi kumpinga Fujii kwenye Oza ya 2024. Akapoteza mitatu kwa sifuri. Mchezo wa mwisho ulikuwa hoteli ileile ya Kyoto, na kwa mara nyingine alikuwa mbele mpaka dakika za mwisho. Huyo bado mnamwita mwoga?

Mkitaka kubishana nami, na najua mtataka, msianze na kile kipande cha nywele. Tafuteni rekodi ya mchezo wenyewe, zipo mtandaoni, unabonyeza kete zinatembea. Nenda mpaka hatua ya 122. Upande wa asilimia uzibe kwa karatasi. Weka simu ikuhesabie dakika moja, kisha uniandikie hapo chini ungecheza nini.