Okidi za Kiatu na Mchanganyiko wa Kuzipandia

Ndugu wapenzi wa mimea, nawashukuru kwa kufika. Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu okidi za kiatu, yaani zile za jenasi ya Paphiopedilum ambazo mdomo wa ua lake umejikunja ukawa kifuko, ni hili: zipandwe kwenye nini? Anayeuliza hutarajia nimtajie vitu vitatu au vinne na vipimo vyake, kisha aende zake sokoni. Vitu hivyo nitavitaja, lakini kwanza naomba tuelewane juu ya jambo linaloamua uchaguzi wote: mchanganyiko unaofaa ni ule unaoipa mizizi unyevu na hewa kwa wakati mmoja, chini ya mkono wa mtu huyo huyo anayemwagilia, kwa maji hayo hayo aliyonayo. Mchanganyiko uliomstawishia jirani unaweza kuozesha mmea wako, na jirani asiwe amekudanganya hata kidogo.

Tuanze na mizizi. Wengi wetu tulizifahamu okidi kupitia Ansellia africana, ile yenye maua ya madoadoa inayoota juu ya miti katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki. Mashina yake marefu na manene huhifadhi maji, kwa hiyo kiangazi kikiingia huweza kuvumilia. Okidi ya kiatu haina akiba ya namna hiyo. Majani yake huchomoza kutoka kwenye shina fupi sana, na mizizi yake ni michache, ya rangi ya kahawia, imefunikwa na vinyweleo, na huvunjika upesi ikishikwa vibaya. Ikikauka kabisa hufa, na ikikaa ndani ya maji yasiyo na hewa huoza. Linalosikitisha zaidi ni kwamba majani yanaweza kubaki ya kijani kwa miezi kadhaa baada ya mizizi kwisha, hivyo mwenye mmea hutambua tatizo wakati limekwisha kukomaa.

Kwao okidi hizi ni Asia, kuanzia India na kusini mwa China hadi Guinea Mpya na Visiwa vya Solomon. Barani Afrika hakuna hata moja inayoota yenyewe. Huko kwao hazikai mahali pa aina moja. Paphiopedilum niveum huota kwenye miamba ya chokaa ya visiwa vya Langkawi na jirani zake, karibu kabisa na bahari. Paphiopedilum rothschildianum, iliyopewa maelezo ya kisayansi mwaka 1888, hukaa kwenye miteremko ya Mlima Kinabalu huko Sabah, katika udongo wenye metali nyingi ambao mimea mingi haiuwezi. Paphiopedilum villosum na Paphiopedilum lowii hupanda juu ya miti, zikashika kwenye panda za matawi palipokusanyika majani makavu na kuvumwani. Ukizitazama zote pamoja utaona kwamba aina ya mwamba au mti hubadilika, lakini hali ya mizizi haibadiliki sana: imelazwa katika tabaka jepesi la majani yanayooza polepole, mvua hupita na kwenda zake, na upepo huingia.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema tuige udongo wa msituni kitu kwa kitu. Msituni tabaka lile huongezwa majani mapya kila msimu na maji hayana ukuta wa kuyazuia, ilhali chungu kina kuta, kina kitako, na kilichomo hakijiongezi. Zaidi ya hayo, mmea mnaoununua leo kihalali kwa kawaida ulioteshwa na wakulima. Tangu mwaka 1990 jenasi nzima imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, unaokataza biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini, nami nawasihi msiuguse mmea ambao muuzaji hawezi kueleza ulikotoka. Mmea ulioanzia kwenye chupa ya maabara haujawahi kuuona mwamba wa chokaa. Unachokijua ni magome ya miti.

Sasa nifike penye kiini. Maji yakimwagwa kwenye chungu hayatoki yote, hata matundu ya chini yawe mapana namna gani. Sehemu yake hushikwa kati ya vipande vya mchanganyiko, hasa kitakoni, kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi. Kimo cha tabaka hilo lililolowa hutegemea ukubwa wa vipande: vipande vikiwa vidogo tabaka hupanda juu, vikiwa vikubwa hushuka. Hakitegemei kimo cha chungu, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa maana mchanganyiko ule ule ukiwekwa kwenye chungu kifupi utakuwa umelowa karibu wote, na kwenye chungu kirefu utakuwa na sehemu kubwa yenye hewa. Ndiyo maana desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu haisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye nafasi nyembamba kwenda kwenye nafasi pana, basi kokoto hulisogeza tu tabaka lililolowa juu zaidi, likakaribia mizizi.

Kutokana na hayo, chombo cha kwanza cha mpanda okidi ni chekeche. Mtu anaweza kununua magome mazuri kabisa, lakini asipoyachekecha, unga wake hujaza nafasi zote kati ya vipande na hewa ikakosa njia. Kwa mmea mkubwa napendelea vipande vya milimita 6 hadi 12, na kwa miche vya milimita 3 hadi 6, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi na hukauka upesi. Mchanga sipendi utumike, kwa sababu hiyo hiyo ya kuziba nafasi. Ule wa ufukweni una chumvi juu ya hilo. Samadi na udongo wa bustani viwekwe kwenye mchicha.

Magome yenyewe yaliingia katika kazi hii kwa njia ya kawaida sana. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Marekani, waliokuwa wakitegemea nyuzi za mizizi ya kangaga, waligeukia magome ya miti jamii ya misonobari yaliyokuwa yakitupwa na viwanda vya mbao. Walitumia taka iliyokuwa karibu nao. Sisi nasi tunayo misonobari, kwa mfano katika mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, na magome yake yanaweza kutumika iwapo yataachwa kwanza miezi kadhaa yapungue utomvu, kisha yavunjwe na kuchekechwa. Gome kavu hukataa maji, kwa hiyo liloweke usiku kucha kabla ya kupandia. Kwa kuanzia, sehemu sita za magome, moja ya mkaa wa kawaida wa miti na moja ya mawe mepesi ya volkano, kama yale yapatikanayo upande wa Longonot na Naivasha, zinatosha. Mkaa na mawe hayo haviozi haraka, hivyo hulinda nafasi za hewa magome yanapochakaa. Mkaa uliotengenezwa kwa kufinyangwa usitumike, kwa sababu huchanganywa na vitu vya kuugandisha.

Pwani yapo makumbi ya nazi, nayo yakikatwa vipande ni mazuri, kwani hushika unyevu bila kushindilia na hudumu kuliko magome mengi. Yana sharti moja zito. Yamejaa sodiamu na potasiamu, kwa hiyo yalowekwe, maji yamwagwe, yalowekwe tena mara kadhaa, na loweko mojawapo liwe na nitrati ya kalisi kidogo ili kalisi iziondoe chumvi hizo. Asiye na subira ya kazi hiyo abaki na magome.

Kuhusu chokaa, nasema kwa msimamo: msiongeze vipande vya matumbawe au kombe kwa sababu tu mmesoma kwamba aina fulani huota kwenye miamba ya chokaa. Tazameni kwanza maji. Anayemwagilia kwa maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe tayari anaupa mmea chokaa kila siku, na akiongeza atapandisha pH, yaani kipimo ambacho hupanda uasidi ukipungua, kupita ile ya 5.5 hadi 6.5 ambamo okidi nyingi za kiatu hustawi. Anayetumia maji ya mvua, ambayo karibu hayana madini, ndiye atakayefaidika na kombe kidogo zilizopondwa, maana magome yanapooza uasidi huongezeka.

Na magome huoza, hilo halina dawa. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa yatachakaa mapema kuliko katika baridi ya Nairobi, kwa hiyo nashauri mchanganyiko ubadilishwe kila mwaka pwani, na isizidi miaka miwili penye ubaridi. Usingoje majani yalegee. Choma kijiti hadi kitakoni: kikitoka na tope jeusi, au chungu kikikawia kukauka kuliko zamani, wakati umefika. Baada ya maua kwisha, toa mmea, ondoa mchanganyiko wote wa zamani, kata mizizi iliyolainika, kisha uchague chungu kinacholingana na mizizi iliyobaki hata kama ni kidogo kuliko cha mwanzo. Shingo ya mmea iwe chini kidogo ya usawa wa vipande vya juu, kwa sababu mizizi mipya hutokea hapo na hukauka ikikuta hewa tupu. Ikiwa mmea unayumba, ufunge kwenye kijiti, kwani kila utikisikapo ncha za mizizi hiyo huvunjika.