Nyeusi Si Moja: Kuandaa Faili la Kwenda Kiwandani

Wabunifu wenzangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa kazi ya kompyuta kabla haijapelekwa kiwandani, yaani kiwanda cha uchapaji. Nitaegemea kazi moja mnayoijua wote: kadi ya mchango wa harusi, saizi A5, picha ya maharusi imejaa kadi nzima, maandishi juu yake. Hapa Dar es Salaam sidhani kama kuna mbunifu aliyeikwepa, na inakusanya makosa karibu yote kwa pamoja.

Vipimo kwanza. A5 ni milimita 148 kwa 210. Ukitengeneza faili la vipimo hivyo hivyo, umeshaharibu. Kadi hazikatwi mojamoja. Zinapangwa rundo, kisu kinashuka, na karatasi za chini hazikai sawasawa na za juu. Ikisogea nusu milimita tu, ukingo unatoka na mstari mweupe. Kwa hiyo picha inatanuliwa milimita 3 kila upande, nyongeza ambayo mafundi wanaiita blidi, na faili zima linakuwa 154 kwa 216. Ndani nako, majina na namba ya simu ya mweka hazina vikae walau milimita 5 kutoka ukingoni. Namba ikikatwa, michango itapitia wapi?

Picha sasa. Kujaza eneo hilo kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji pikseli 1819 kwa 2551. Mteja anakutumia kwa WhatsApp kama anavyotuma picha zake zote, na ikikufikia upande mrefu umebaki takriban pikseli 1600. Itandaze kwenye milimita 216, unapata kama 188 kwa inchi. Nyuso zinalainika, nakshi za gauni zinapotea. Mwambie kwa adabu, "Dada, naomba unitumie kama dokyumenti." Hapo haibanwi. Na kuandika 300 kwenye kisanduku cha Photoshop hakusaidii kitu: programu itabuni pikseli, haitarudisha zilizopotea. Bango la barabarani lina hesabu yake. Linatazamwa kwa mbali, kwa hiyo 100 kwa inchi, hata chini ya hapo, inatosha.

Nyeusi ndiyo iliyonileta hapa. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, na nyeusi yake ni mwanga kuzimwa, basi. Mashine ya ofseti ina wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi, kila mmoja na pleti yake, yaani bamba linalouchapa wino huo. Kwa hiyo kiwandani lazima mtu aamue nyeusi hii imetoka kwenye pleti zipi, na usipoamua wewe, programu itakuamulia. Chukua nyeusi tupu ya RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, igeuze kuwa CMYK, yaani zile wino nne, kwa mpangilio wa Kimarekani ambao Photoshop nyingi huja nao. Utaona, kwa asilimia, sayani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90. Jumla 300. Yale maandishi madogo ya chini, "Kamati ya Maandalizi", sasa yanagongwa na pleti nne. Moja ikiteleza sehemu ya kumi ya milimita, herufi zinaota ukingo mwekundu huku na wa bluu kule. Fundi atalaumiwa, naye hana kosa. Maandishi madogo yawe nyeusi 100, hizo nyingine tatu sifuri.

Eneo kubwa jeusi linataka kinyume chake. Nyeusi 100 peke yake ikitandazwa kadi nzima hutoka imefifia kama shati lililofuliwa sana. Iongezee nguvu: sayani 60, majenta 40, njano 40 na nyeusi 100, jumla 240. Wapo wanaojaza 100 kila mahali, jumla 400, wakitaka weusi wa kweli. Wino haukauki, karatasi zinagandana, na nyeusi inahamia mgongoni mwa karatasi iliyolala juu yake. Karatasi ya kung'aa hubeba 300 au zaidi kidogo, ya gazeti karibu 240. Kiwanda kina kikomo chake. Kiulizwe kabla kazi haijaanza.

Kuna mtego mmoja tena. Maandishi meusi huwa yanapewa amri ya kuchapwa juu ya rangi bila kuitoboa rangi iliyo chini. Ni sawa kabisa. Kisha mteja anabadili mawazo, anataka maandishi meupe. Unabadili rangi, ile amri inabaki palepale. Nyeupe haina wino, kwa hiyo hakuna kinachochapwa, wala karatasi haikuachwa wazi, na jina la bwana harusi linatoweka. Kwenye skrini lilikuwepo! Fungua PDF kwenye Acrobat, ingia sehemu ya kukagua matokeo ya uchapaji, uzime pleti mojamoja uone nini kinabaki.

Kaka pale nyuma anauliza kuhusu Canva, ile programu ya kubuni mtandaoni. Sina ugomvi nayo. Chagua PDF ya kuchapisha, weka alama za kukatia pamoja na blidi. Ila CMYK iko kwenye akaunti ya kulipia. Ukiwa na ya bure, mwambie fundi wazi kwamba faili ni RGB, na akishaligeuza muombe akuonyeshe maandishi meusi yamekaaje.

Fonti nitapita haraka. Zote ziwe ndani ya PDF. Ukitoa PDF/X-1a, kiwango cha PDF za uchapaji cha tangu 2001, kinalazimisha hilo pamoja na rangi za wino. Kadi yenye Bismillahi kwa Kiarabu, hariri hadi umalize, kisha geuza maandishi yawe mchoro. Fonti ikikosekana kiwandani, herufi zinaachana na zinaweza kupangika kinyume, na shehe atakuwa wa kwanza kuliona.

Dada ananionyesha kadi yenye dhahabu ya kung'aa. Hiyo haitoki kwenye wino nne hata ungefanya nini, utapata kahawia-njano tu. Inabandikwa kwa joto, kwa kibao chenye umbo lake. Mpe fundi sehemu hiyo kwenye leya, yaani tabaka, ya peke yake, mchoro wa vekta, yaani wa mistari na si wa pikseli, rangi moja kwa asilimia 100, bila kivuli wala kufifisha, na mistari isiwe myembamba kama unywele maana haitashika. Leya uipe jina "dhahabu", usiiache "Layer 7".