Vipande vya Komplimenti: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Tiba, Kigoma

Waheshimiwa walimu wangu, ndugu wanafunzi,

Mvuvi wa Kibirizi akiwasha taa usiku usio na mbalamwezi, dagaa hupanda kutoka kilindini na kuizunguka. Ndivyo kipande kidogo cha protini kiitwacho C5a kinavyovuta seli nyeupe za damu hadi mahali palipoingia bakteria. Nimeanza na kipande kwa makusudi, maana wengi wetu tulikariri majina ya protini nzima kwa ajili ya mtihani, tukasahau kwamba kazi hufanywa na vipande vyake.

Protini hizo ni za komplimenti, yaani kundi la protini za damu zinazosaidia kinga ya mwili. Hutengenezwa zaidi na ini, nazo huzunguka katika damu zikiwa zimelala. Jules Bordet, aliyetunukiwa Nobel ya mwaka 1919, alionyesha kwamba seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, ikipashwa moto wa nyuzi 56 hupoteza nguvu ya kuua bakteria, ingawa kingamwili zake zimesalia: kinachoharibiwa na moto ni komplimenti. Hatari ikija, protini ya C3 hukatwa vipande viwili: C3a, kilicho kidogo, huenda zake kuchochea uvimbe, na C3b, kilicho kikubwa, kufumba na kufumbua huwa kimeng'ang'ania uso wowote kilioukuta jirani, kikawa alama kwa seli zinazomeza vijidudu.

Tatizo limo katika maneno hayo, "uso wowote". C3b hakibagui, na seli zetu hunusurika kwa sababu zina protini za kukizima. Katika malaria kali kinga hiyo huzidiwa: hata chembe nyekundu zisizo na kimelea hukutwa zimegandwa na vipande vya C3, na wengu huziondoa pamoja na zile zenye vimelea. Kwa hiyo mkiletewa mtoto mwenye viganja vyeupe kabisa kwa upungufu wa damu, na slaidi yake ina vimelea vichache, msikimbilie kumlaumu mtu wa maabara.

Protini ya C5 nayo hukatwa vipande viwili: C5b, pacha wa C5a, hukusanya protini za C6 hadi C9 na kutoboa utando wa bakteria. Aliyezaliwa bila mojawapo ya protini hizo huweza kuugua mara kwa mara homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria waitwao meningokoki. Dawa ya ekulizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa ugonjwa mmoja adimu wa kuvunjika kwa chembe nyekundu, huzuia C5 isikatwe. Ndiyo sababu mgonjwa anayepewa dawa hiyo huchanjwa kwanza dhidi ya meningokoki hao hao.