Watu 58 wa Mombasa

Assalam aleikum, na habari za asubuhi, wenzangu wa redio. Nimeombwa nizungumzie kura za maoni, yaani tafiti za kuuliza watu watampigia nani. Za urais zimejadiliwa hadi zimechosha, kwa hiyo tubaki hapa hapa Mombasa, kinyang'anyiro cha ugavana cha 2022.

Chukueni utafiti wa kitaifa uliohoji watu 2,000. Mombasa ina takriban asilimia 3 ya wapigakura wa Kenya. Ukigawa kwa uwiano, fungu letu ni watu 58 hivi. Hamsini na wanane, kwa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita! Kwa idadi hiyo kiwango cha makosa ni kama asilimia 13, juu au chini. Mgombea aliyepewa 45 huenda ana 32, huenda ana 58. Halafu mtangazaji anasoma kwamba fulani "anaongoza kwa pointi nne", kwa sauti ya mtu aliyeuona mwezi wa Idi.

Haya, tuseme mtafiti amehoji watu 1,000 wa Mombasa tupu. Makosa yanashuka hadi asilimia 3 hivi. Afadhali. Lakini bado hajajua nani atatoka nyumbani.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa tupige kura tarehe 9 Agosti na nchi nzima. Karatasi za ugavana zikapatikana na hitilafu, hapa na Kakamega, tume ya uchaguzi, IEBC, ikaahirisha, hatimaye tukaenda tarehe 29. Mshindi wa urais alikuwa ameshatangazwa, na mwenye kibarua hapewi ruhusa mara mbili kwa mwezi mmoja. Abdulswamad Nassir, aliyeshinda ugavana, akapata kura 119,083, mpinzani wake Hassan Omar 98,108. Zijumlisheni: hazifiki 220,000, na rejista yetu ilikuwa na zaidi ya watu 640,000.

Ndiyo maana "utampigia nani?" ni swali la pili kwangu. La kwanza ni kama mara iliyopita ulipiga, na kituo chako kiko wapi. Mtu akibabaika hapo, jibu lake kuhusu gavana nitalipokea kwa heshima, ila sitalihesabu sawa na la yule aliyepanga foleni alfajiri. Wahariri wengi hawaulizi kabisa kama mtafiti alifanya mchujo huo.

Zile "kura" zetu za ujumbe mfupi kwenye kipindi cha asubuhi sitazipotezea muda. Wanaotuma ni wasikilizaji wetu sugu, pamoja na wapambe waliogawiwa salio. Burudani nzuri, lakini isiingie kwenye taarifa ya habari ya saa saba.

Na karatasi ya utafiti ikiletwa studio, mimi huanzia chini, kwa aliyelipia. Sheria ya mwaka 2012 inataka atajwe, pamoja na idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa. Jina lisipokuwepo, hairushwi hewani, hata aliyeileta awe rafiki ya mwenye kituo. Najua hilo la mwisho ndilo gumu, na nadhani ndilo mtakaloniuliza. Karibuni.