Kichwa cha kikaragosi kwa magazeti na uji wa unga, hatua kwa hatua

Haya wapendwa karibuni tena, leo tunatengeneza kikaragosi cha kuvaa mkononi, kile unaingiza vidole kinaanza kuongea, na kichwa chake ni magazeti na uji wa unga basi. Najua kuna watu wanadharau karatasi, wanaona ni ya chekechea. Ila pale British Museum, London, kuna mwanasesere wa kitani kutoka Misri ya enzi za Warumi, na ndani kashindiliwa vitambaa chakavu na mafunjo, yaleyale mafunjo watu walikuwa wanaandikia. Ana zaidi ya miaka 1500 yule. Kwa hiyo gazeti ndani ya mdoli si ujanja wa jana.

Tuanze. Chukua kipande cha boksi, kizungushe kwenye kidole chako cha shahada kiwe bomba, kisibane na kisipwaye, piga selotepu. Hiyo ndo shingo. Juu yake kunja gazeti liwe donge kama ngumi yako, lifunge na selotepu mpaka litulie, ila usilishindilie sana maana kichwa kikiwa kizito kidole kinachoka haraka na kikaragosi kinaanza kusinzia mbele za watu. Uzito ni kesi kubwa kwenye hii kazi. Wajapani kwenye Bunraku, maigizo yao ya vikaragosi, wanachonga vichwa vya mbao, wanavitoa nyama ya ndani vibaki na uwazi, wanapitisha nyuzi za kuchezesha macho na nyusi, na bado toka 1734 kikaragosi kimoja kinaendeshwa na watu watatu: mkubwa wao anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Wewe una mkono mmoja tu, fanya kiwe chepesi.

Sasa uji. Unga wa ngano kikombe kimoja, maji vikombe viwili, koroga ukiwa wa baridi mpaka mabonge yaishe ndo uweke kwenye moto mdogo, usiache kukoroga. Ukianza kung'aa na kushika mwiko, epua, tia chumvi vijiko viwili, hiyo inapunguza ukungu. Acha upoe.

Hapa sogeeni karibu na skrini jamani. Gazeti linachanwa, halikatwi na mkasi. Angalia hii ncha niliyochana, unaona vile vinyuzi vyeupe vimetokeza? Vile ndo vinalala juu ya kipande kingine na kupotea kabisa. Ncha ya mkasi imenyooka, ikikauka inabaki kama ngazi usoni na hata upige msasa vipi utaiona tu. Chana vipande vya upana wa vidole viwili, chovya, kamua kwa vidole, bandika, kila kipande kikae juu ya mwenzake kidogo. Tabaka la kwanza tumia gazeti lenye maandishi, la pili karatasi nyeupe, la tatu maandishi tena, ili ujue wapi umefika na wapi umeruka. Matabaka manne yanatosha.

Halafu SUBIRI. Kila tabaka likauke kabla ya lingine. Kichwa changu cha kwanza nilibandika yote siku moja, nje kikakauka vizuri, ndani kikaoza, nikakitupa na roho inauma.

Wakati kinakauka niwape stori ya hii karatasi maana mi naipenda sana. Kabla yake vichwa vya wanasesere wa mbao vilichongwa kimoja kimoja, kazi ya fundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 mafundi wa Sonneberg, Ujerumani, wakaanza kukandamiza karatasi iliyosagwa na gundi kwenye kalibu, ukitoa kichwa kimoja unaweka kingine, na mwanasesere akaanza kufika kwenye nyumba nyingi zaidi. Nta ilikuwa nzuri, inafanana na ngozi kweli, ila joto linailainisha na baridi inaipasua. Kaure inavunjika. Seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, ilikuja miaka ya 1870, nyepesi, haiogopi maji, lakini inashika moto haraka mno. Mpaka plastiki zilipotawala baada ya vita kuu ya pili, kila kitu kilikuwa na ugonjwa wake, na karatasi adui yake ni maji tu.

Kimekauka? Kigonge na kucha, kikilia kama boksi tupu tayari. Sasa sura. Saga karatasi na uji uwe kama udongo, jenga pua, nyusi, kidevu, na uzidishe. Pua ndogo nzuri ukiwa mbali haionekani. Karagöz, kikaragosi cha kivuli cha Waturuki (na lisikilize hilo jina halafu sema kikaragosi) anakatwa kwenye ngozi ya ngamia inayopitisha mwanga, anaonekana upande tu, na watu wanamjua kwa mstari wa uso wake. Jiulize chako kikiwa kivuli tu watu watakijua?

Kikikauka piga msasa, paka rangi nyeupe kwanza, halafu rangi ya ngozi isiyong'aa. Kaure iliyong'arishwa inameta kama sahani, ndo maana baadaye mafundi wa wanasesere wakapenda ile isiyong'arishwa, inakaa kama shavu la mtu. Macho usiyapake tu, yape umbo. Kermit, kikaragosi maarufu cha Mmarekani Jim Henson, mwaka 1955 alishonwa kwa koti la zamani la mama yake Henson, na macho ni mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu. Mi natumia vifungo.

Mwisho nguo. Laza mkono kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili, shahada juu, kidole gumba na cha kati vimetanuka, chora ukiacha nafasi ya vidole viwili kila upande, shona, geuza, funga kwenye shingo na uzi mgumu.

Vaa, simama mbele ya kioo. Inamisha kidole cha shahada, aangalie chini. Usiharakishe. Sasa mnyanyue taratibu akutazame.